Joto laweza kuokoa au kubomoa chuma kilichonyunyiziwa metali

MKULIMA wa ngano wa Njoro, Mau Narok au Rongai ambaye kombaini yake imekwama shambani mavuno yakiwa tayari hana anasa ya kungoja. Mvua ikinyeshea masuke yaliyokwisha kukauka, nafaka huanza kuchipua ingali kwenye bua na thamani yake hushuka. Ndiyo maana shafti iliyolika ikishatolewa kwenye mashine, hupakiwa kwenye pikapu siku hiyo hiyo na kukimbizwa mjini Nakuru kwa wakerezaji.

Huko, mwenye mashine huelezwa kwamba njia ni kadhaa. Aweza kununua shafti mpya, iwapo itapatikana na iwapo mfuko unaruhusu. Aweza kuijaza kwa kuchomelea kisha ikerezwe upya. Au aweza kuipeleka kwa fundi mwenye bunduki ya kunyunyizia metali, ambaye hurudisha unene uliopotea kwa kurusha matone ya chuma kilichoyeyuka juu ya sehemu iliyolika.

Ni njia hii ya tatu inayozusha swali ambalo mafundi wengi hulijibu kwa mazoea tu: je, baada ya kunyunyiziwa, shafti hiyo irudishwe motoni au iachwe ilivyo?

Wapo wanaoamini kwamba chuma hakishiki sawasawa mpaka kichomwe hadi kiwe chekundu. Wapo pia wanaoapa kwamba moto baada ya kazi ni uharibifu mtupu. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina haki, kila mmoja kwa metali yake. Joto lililo dawa kwa utando wa aina moja ni sumu kwa mwingine, na asiyejua tofauti hiyo hupoteza shafti, fedha na pengine injini nzima.

Ufundi wenyewe una umri wa zaidi ya karne moja. Mvumbuzi wake anatambuliwa kuwa Max Ulrich Schoop, Mswisi wa mjini Zurich, ambaye alianza kuuendeleza miaka ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kwamba alipata wazo hilo alipoona vipande vya risasi vilivyofyatuliwa ukutani vikibapa na kung'ang'ania pale pale vilipogonga. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimeongezwa chumvi, kinaeleza vyema jinsi kazi hii inavyofanyika.

Waya au unga wa metali huingizwa kwenye mwali wa moto. Mwali wa oksijeni na asetilini hufikia joto la nyuzi 3,100 hivi za sentigredi, na ule wa plasma hupita 10,000. Metali huyeyuka, hewa yenye nguvu huipasua kuwa matone madogo kuliko punje ya unga wa mahindi, na matone hayo hurushwa juu ya chuma kinachokarabatiwa. Kila tone likigonga hubapa kama chapati na kupoa papo hapo, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Jingine huja juu yake, na jingine tena, hadi chapati zipandane na kufanya utando wenye unene unaotakiwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba chapati hizo hazikuyeyushwa pamoja na chuma kilicho chini yake. Zimekishika tu, kama vile udongo unavyoshika fito mtu anapokandika nyumba. Udongo haugeuki kuwa mti. Huingia katika mianya, ukakauka na kubana. Kwa sababu hiyo fundi hodari huanza kwa kukwaruza uso wa shafti, kwa kuupulizia changarawe kali ya chuma au ya aluminiamu oksidi, ili matone yapate pa kung'ang'ania. (Mchanga wa mtoni hufanya kazi hiyo pia, lakini vumbi lake la silika huingia mapafuni na kuyaharibu taratibu bila tiba. Fundi anayeutumia bila kinga anajiuza kwa bei rahisi mno.)

Kati ya chapati moja na nyingine hubaki vishimo vidogo na utando mwembamba wa oksidi, yaani kutu iliyozaliwa tone lilipokuwa likiruka hewani. Utando ulionyunyiziwa kwa mwali wa kawaida waweza kuwa na vishimo vinavyofikia asilimia 10 au hata 15 ya ujazo wake. Ule unaorushwa kwa bunduki za kisasa za mwendo mkali, ambazo hutupa chembechembe kwa kasi inayozidi mita 500 kwa sekunde, huweza kuwa na chini ya asilimia 2.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba shafti yenyewe haipati moto mwingi. Kazi ikifanywa kwa utaratibu, chuma cha chini hakipiti nyuzi 150 hivi. Hakipindi, wala ugumu wake uliowekwa kiwandani haupotei, tofauti na kuchomelea ambako sehemu nzima huyeyuka na shafti ndefu kutoka hapo ikiwa imejikunja kama ndizi.

Tukitaka kusema kweli, joto huingia katika kazi hii hata kabla ya tone la kwanza kurushwa. Alfajiri za Nakuru, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi, na chuma kilicholala nje huamka kikiwa na unyevu. Isitoshe, mwali wa asetilini wenyewe huzalisha mvuke wa maji unapowaka, na mvuke huo hutua juu ya shafti baridi kama jasho. Utando ukipigwa juu ya jasho hilo hautashika. Kwa hivyo shafti hupashwa moto kidogo kwanza, kiasi cha nyuzi 100 hivi, mpaka unyevu ukauke kabisa.

Lakini hapo nako pana mpaka. Fundi akizidisha hadi chuma kigeuke rangi ya samawati, rangi hiyo ni dalili kwamba joto limekaribia nyuzi 300 na kwamba uso umeshavaa oksidi. Kazi yote ya kukwaruza imeharibika, na njia pekee ni kuanza upya.

Sasa tuje kwenye moto wa baada ya kunyunyizia, ambao ndio kiini cha mzozo.

Kuna kundi la unga uliotengenezwa mahsusi ili uchomwe. Ni aloi za nikeli zilizochanganywa na kromiamu, boroni na silikoni. Nikeli peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, lakini boroni na silikoni huishusha aloi hiyo hadi ianze kulainika na kutiririka kati ya nyuzi 1,000 na 1,100, joto ambalo chuma cha shafti hulistahimili bila kuyeyuka. Aidha, viungo hivyo viwili hufanya kazi ya sabuni: huzinyonya oksidi zilizonaswa kati ya chapati na kuzipandisha juu kama povu la kioo.

Unga huu ukinyunyiziwa tu na kuachwa, ni utando dhaifu wenye vishimo, usiostahili bei yake. Ukichomwa ipasavyo, hubadilika kabisa. Chapati huungana, vishimo hufumbwa, utando husinyaa kwa karibu sehemu moja kati ya tano ya unene wake, na pale unapokutana na chuma pande hizo mbili hubadilishana chembe zake hadi zikawa kitu kimoja. Hapo hatuzungumzi tena juu ya udongo na fito. Utando wa namna hiyo hauwezi kubanduliwa kwa patasi, na ugumu wake waweza kufikia 60 katika kipimo cha Rockwell C, sawa na ule wa tupa.

Mafundi waliozoea kazi hii hutazama dalili moja tu. Uso wa utando, uliokuwa mkavu na wa kijivu, ghafla hung'aa kama uliomwagiwa maji. Mng'ao huo ukitokea, moto husogezwa mbele mara moja. Ukisogezwa mapema, vishimo hubaki ndani. Ukicheleweshwa, utando huanza kuteleza na kudondoka kama nta ya mshumaa.

Hapa jina la jua kali lina maana yake halisi. Kwenye joto hilo chuma huwa na rangi ya machungwa inayokaribia manjano, na rangi hiyo haisomeki sawasawa chini ya jua la saa saba mchana. Chuma kinachoonekana chekundu kivulini huonekana cheusi juani. Fundi anayechoma nje bila kivuli atazidisha moto kila siku akidhani bado haujatosha. Bati moja la kukinga jua ni chombo cha kupimia joto, ingawa hakuna anayelihesabu hivyo.

Baada ya hapo kuna kupooza. Shafti iliyofikia nyuzi 1,050 haitupwi chini kwenye saruji wala haimwagiwi maji. Hufukiwa ndani ya jivu kavu au chokaa na kuachwa humo mpaka ipoe yenyewe, hata kama ni hadi kesho yake. Sababu ni kwamba metali mbili zilizogandamana hazisinyai kwa kiwango kimoja.

Hesabu yake si ngumu. Chuma cha kawaida hurefuka kwa sehemu 12 hivi kati ya milioni moja kila joto linapopanda nyuzi moja. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya sufuria hurefuka kwa sehemu 17. Aluminiamu ni 23. Tangsteni kabidi iliyoshikanishwa kwa kobalti ni kama 5 au 6 tu. Chukua kipande cha milimita 100 ukipooze kwa nyuzi 500: chuma kitasinyaa milimita 0.6, aluminiamu milimita 1.15, na tangsteni kabidi karibu milimita 0.3. Vitu hivyo vikiwa vimefungwa pamoja, kimoja lazima kivutwe na kingine kibanwe. Utando unaovutwa hupasuka. Unaobanwa kupita kiasi huinuka ukingoni na kubanduka kama gome la mkaratusi.

Kuna shida ya pili iliyojificha ndani ya shafti yenyewe. Chuma chenye kaboni kikipita nyuzi 727 hubadilisha mpangilio wake wa ndani, na ugumu wowote kiliopewa kiwandani hufutika. Kikipoa polepole hubaki laini. Baadhi ya vyuma vyenye kromiamu na molibdeni hufanya kinyume: hata vikipoa hewani tu, hugeuka vigumu ghafla na kuvimba kidogo wakati utando ulio juu yavyo unasinyaa. Matokeo ni nyufa zinazosikika zikilia usiku, fundi akiwa amekwisha kulipwa.

Kwa sababu hizo, aloi ya kuchomwa yafaa kwa vitu kama shafti za pampu, vali, parafujo za kukamulia mafuta na meno ya jembe la trekta. Haifai kamwe kwa krankishafti ya injini.

Nalisisitiza jambo la krankishafti kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Eldoret kupitia Nakuru hubeba malori na matatu mchana na usiku, na injini zake nyingi zimefunguliwa zaidi ya mara moja. Krankishafti hutoka kiwandani ikiwa na ngozi ngumu. Nyingine hutiwa ngozi hiyo kwa gesi ya naitrojeni kwenye joto la nyuzi 500 hivi, nyingine kwa umeme unaopasha sehemu za juu peke yake. Ngozi ya aina hii ya pili huanza kulainika hata chombo kikifikishwa kwenye nyuzi zinazozidi 200. Anayeichoma ili utando ushike ameiua. Itapinda, na hata ikinyooshwa haitakuwa na nguvu ya kuhimili mamilioni ya mizunguko.

Hata bila kuchomwa, krankishafti iliyonyunyiziwa ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Changarawe inayokwaruza uso huacha vijikovu, na kila kikovu chaweza kuwa mwanzo wa ufa. Utando wenyewe hauongezi nguvu ya shafti. Huongeza unene tu. Kama iliyolika imepunguzwa sana na mkerezaji ili kutoa nafasi ya utando, kinachobeba mzigo ni kile chuma chembamba kilichobaki chini. Duniani kazi hii hufanywa, lakini hufanywa na walio na vifaa vya kuchunguza nyufa kabla na baada. Kwa basi la abiria, bora kununua mpya.

Kundi la pili la tando ni zile za waya wa chuma, hasa chuma chenye kromiamu asilimia 13, ambazo hutumiwa sana kujazia shafti zilizolika kwenye beringi. Hizi haziihitaji moto wa pili. Zikirudishwa kwenye nyuzi 500 au 600 hewani, oksijeni hupenya kupitia vishimo na kuota kutu ndani, kati ya chapati na chapati. Oksidi huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoizaa, hivyo utando huvimba kutoka ndani na kujitenga. Ugumu nao hushuka.

Na kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Kwenye beringi za kuteleza, vile vishimo vinavyolaumiwa huwa ni faida. Hunyonya mafuta na kuyahifadhi, kisha huyatoa kidogo kidogo shafti inapozunguka, hata pale ambapo mwenye mashine amesahau kuitia grisi. Anayevifumba kwa moto anajiondolea ghala la mafuta alilopewa bure. Ubora wa utando, basi, haupimwi kwa wingi wa vishimo peke yake, bali kwa kazi inayokusudiwa.

Tando za kabidi, ambazo ndizo ngumu kuliko zote zilizotajwa, zina tabia yake. Tangsteni kabidi iliyonyunyiziwa kwa mwendo mkali haihitaji kuchomwa. Inapopita kwenye mwali, sehemu ya kaboni yake huungua na kuacha nyuma kitu kisicho na mpangilio, mithili ya kioo. Ikirudishwa kwenye joto la nyuzi 600 na zaidi, kitu hicho hupangika upya kuwa fuwele ngumu lakini zenye kuvunjika kirahisi. Kipimo cha ugumu chaweza kupanda, na mwenye kuangalia namba hiyo peke yake akafurahi, kumbe utando sasa hupasuka ukigongwa. Hewani, kabidi hiyo huanza kuliwa na oksijeni kuanzia nyuzi 500 hivi.

Kromiamu kabidi iliyochanganywa na nikeli na kromiamu ni tofauti. Hiyo hustahimili kazi ya joto la hadi nyuzi 850 hivi, na moto wa wastani huiongezea manufaa: punje ndogo za kabidi hujitokeza upya katikati ya nikeli, na mivutano iliyonaswa wakati wa kunyunyizia hulegea. Ndiyo maana hutumiwa kwenye mabomba ya boila.

Kwa wakazi wa Bonde la Ufa la kati, habari hizi haziishii kwenye karakana za mjini. Kilomita zisizozidi 100 kutoka Nakuru, kusini mwa Ziwa Naivasha, kuna mitambo ya Olkaria inayozalisha umeme kwa mvuke wa kutoka ardhini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka wa 1981 ukiwa na uwezo wa megawati 15, na mingine miwili ya ukubwa huo huo ikafuata kufikia 1985. Olkaria II ilifunguliwa 2003, Olkaria IV mwaka wa 2014, na Olkaria V mwaka wa 2019. Huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru wenyewe, kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kuzalisha umeme mwaka wa 2023.

Mvuke wa ardhini haufanani na ule wa boila. Huja na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, pamoja na kaboni dayoksaidi, silika na chumvi. Gesi hizo hula chuma, matone ya maji huparua ncha za mapanga ya tabo, na silika huganda juu yake kama ukoko wa sufuria. Kwa hiyo watengenezaji na watafiti wa mitambo ya aina hii wamekuwa wakijaribu kuyavisha mapanga na rota tando za kabidi na za aloi za kobalti na nikeli. Katika Umoja wa Ulaya, mradi wa utafiti ulioitwa Geo-Coat ulianzishwa 2018 kwa lengo hilo hilo, na visima vya Iceland vikawa miongoni mwa sehemu za majaribio. Iceland si ngeni kwa Wakenya: tangu 1979 nchi hiyo imekuwa na programu ya kufunza wataalamu wa nishati ya mvuke kutoka nchi mbalimbali, na Wakenya wengi wamepitia huko.

Swali la joto kwenye tabo lina jibu la kipekee. Mvuke unaoingia kwenye mitambo ya kwanza ya Olkaria una joto la takriban nyuzi 150 tu. Hilo ni joto dogo mno kuweza kubadilisha utando wowote wa nikeli au kabidi, kwa uzuri au kwa ubaya. Kasoro itakayotoka na utando karakanani itabaki nayo mpaka mwisho. Nayo rota, yenye uzito wa tani kadhaa na iliyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa, haiwezi kutiwa kwenye tanuri la nyuzi 1,000 bila kupinda. Kwa hiyo utando wa rota lazima uwe mkamilifu tangu unaponyunyiziwa, na hii ndiyo sababu bunduki za mwendo mkali, ghali kama zilivyo, hutumiwa huko. Vipande vidogo, kama vile mikono ya shafti za pampu na viti vya vali, ndivyo vinavyoweza kuvishwa aloi ya kuchomwa.

Vishimo kwenye mazingira hayo ni adui wa hakika. Gesi ikipenya hadi kwenye chuma, utando mgumu wa kabidi huwa ni kama paa zuri juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa.

Je, mtu atajuaje kwamba utando aliouziwa ni mzuri? Kwenye maabara, kuna kipimo kinachotumika kote duniani ambapo kisahani chenye upana wa milimita 25 hunyunyiziwa, hugundishwa kwa gundi kali kwenye kisahani kingine, kisha vyote viwili huvutwa mpaka kimoja kiachie. Kwa tando bora zaidi, gundi ndiyo hukatika kwanza, hivyo kipimo hakiwezi kueleza nguvu yake kamili. Vilevile utando hukatwa, husuguliwa hadi ung'ae na kutazamwa kwa hadubini ili vishimo na oksidi vihesabiwe.

Mteja wa kawaida hana hadubini, lakini ana macho na ulimi. Aulize ni unga au waya gani uliotumika, na aonyeshwe kopo lake, kwa kuwa watengenezaji huandika humo iwapo wa kuchomwa au la. Aulize pia shafti yake ilikuwa ya chuma gani na iwapo ilikuwa na ngozi ngumu. Aangalie ncha za utando, maana kubanduka huanzia pembeni. Akiona mistari myembamba iliyopangika kama ramani ya mto uliokauka, huo ni ufa wa kupooza haraka, na haufai kufichwa kwa jiwe la kusugulia.

Wanaofanya kazi hii nao wana lao la kuchunga. Moshi wa zinki huleta homa ya kutetemeka usiku ambayo mafundi wengi huipoza kwa maziwa na kuisahau asubuhi, ingawa maziwa hayana lolote yanayolifanya. Moshi wa kromiamu na nikeli ni hatari zaidi kwa kuwa madhara yake hukaa miaka kabla ya kujitokeza. Vumbi laini la aluminiamu likirundikana kwenye chumba kilichofungwa laweza kulipuka.

Tumetaja aluminiamu na zinki, ambazo kazi yake ni kukinga nguzo, matangi na madaraja dhidi ya kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na haina haja ya moto wowote baada ya kunyunyiziwa. Hupakwa rangi ya kuziba vishimo basi. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, na hapa moto waweza kuwa na faida kubwa. Chuma kilichonyunyiziwa aluminiamu na kupashwa hadi nyuzi 800 au 900 huacha metali hizo mbili ziingiliane na kufanya ngozi ya mchanganyiko inayostahimili moto mkali usioweza kustahimiliwa na aluminiamu yenyewe. Ngozi hiyo huvunjika kirahisi ikipindwa, lakini kwa wavu wa jiko, bomba la moshi au sanduku la tanuri haipindwi na mtu.

Ila wenye mashamba na hoteli kandokando ya maziwa ya magadi wajihadhari. Maji ya Ziwa Nakuru, kama yale ya Elmentaita na Bogoria, yana ukali wa magadi unaofikia 10 kwenye kipimo cha pH, na aluminiamu huanza kuliwa pale kipimo hicho kinapopita 8 na nusu hivi. Bomba lililovishwa aluminiamu likizamishwa humo, moto au pasipo moto, litavuliwa nguo yake. Zinki huvumilia zaidi, kwa kuwa hudumu hadi karibu 12, na nikeli haidhuriki kabisa na magadi. Naivasha, ambako maji ni matamu, aluminiamu hiyo hiyo yaweza kukaa miaka mingi bila tatizo.